Mwalimu aliyewaendea askari kwa maneno matupu

Desemba mwaka 69 kulikuwa na jeshi nje kidogo ya Roma, na halikuwa jeshi la wageni. Ni Warumi waliokuja kupigana na Warumi. Tangu mwaka uanze Kaisari Galba alishauawa, Otho aliyemfuata alishajiua, Vitellius bado alikuwa amekikalia kiti cha ukaisari, na hawa waliokuwa nje walimtaka Vespasian. Seneti ikatuma wajumbe. Mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa Roma, nao wakatoka na barua ya Vitellius ya kuomba pambano la mwisho liahirishwe angalau siku moja. Katika msafara huo alikuwamo mtu ambaye hakuna aliyemtuma. Alijichanganya tu na wajumbe akaenda nao. Huyo ni Musonius Rufus, mwalimu wa falsafa.

Walipofika kambini akaanza kupita katikati ya vikosi, akiwaeleza watu wenye panga mkononi faida za amani na hatari za vita. Tacitus, mwanahistoria mwenye ulimi mkali kuliko wote ninaowajua, anasema wengi walicheka na wengi zaidi walichoka naye. Hawakukosekana waliokuwa tayari kumsukuma na kumkanyaga. Mwishowe waliokuwa na staha walimsihi, wengine wakamtishia, ndipo akanyamaza. Tacitus anasema ile ilikuwa hekima isiyojua wakati wake.

Ni mistari michache tu kwenye kitabu kikubwa, na wengi huipita wakicheka na wale askari. Mimi nilirudi kuisoma. Maana ukisogea mbele kidogo tu, Tacitus huyohuyo anasimulia jinsi jeshi lilivyoingia mjini wakapigana mtaa kwa mtaa, na raia wakasimama pembeni wanashangilia kama wako kwenye michezo. Upande mmoja ukielemewa, wanapiga makofi. Askari akijificha dukani, wanapiga kelele atolewe auawe. Huku mapigano na maiti, kule mabafu na vilabu vya pombe vimefungua kama kawaida. Sasa kati ya mji ule wote na yule mmoja aliyechekwa, nani hakujua wakati wake?

Nimefundisha Historia sekondari hapa Lushoto mpaka nikastaafu, na Warumi nilikuwa nawapitia juu juu. Walikuwa wanakuja kama mfano wa mfumo wa kitumwa; unaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, unafuta, unaingia kwenye ukabaila. Musonius nimekutana naye uzeeni, baada ya mpwa wangu aliyeko chuo kikuu kunitumia mihadhara yake kwenye simu. Shemeji yangu aliponikuta nasoma alinitania, "Shemeji, falsafa na kabichi wapi na wapi?" Nikamwambia asubiri, kabichi zimo. Nitafika huko.

Hakuna kitabu alichokiandika Musonius mwenyewe kilichotufikia. Tulicho nacho ni mihadhara 21 iliyoandikwa na mwanafunzi wake aitwaye Lucius, kwa Kigiriki, pamoja na vipande vya hapa na pale. Mihadhara hiyo tumeipata kwa sababu karne nyingi baadaye Stobaeus, aliyekuwa anamkusanyia mwanawe masomo mazuri ya wahenga wa Kigiriki, aliona inafaa kuingia humo. Kwa hiyo tunamsikia Musonius kama tunavyomsikia mwalimu yeyote kupitia daftari la mwanafunzi: lililokolea limekolea, lililopotea limepotea.

Kwao ni Volsinii, mji wa Waetruski kaskazini ya Roma, pale penye ziwa la Bolsena. Hakuwa seneta. Alikuwa wa tabaka la wapanda farasi, lile la pili baada ya maseneta, watu wenye mali na heshima ya kutosha kuingia nyumba yoyote ya wakubwa. Katika falsafa alikuwa Mstoiko, wa ile shule inayofundisha kuishi kwa wema na kuvumilia yanayokuja. Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka Wastoiko waliobishana na Paulo kule Athene katika Matendo ya Mitume. Wakati wake mtu aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo ya kuchanganya falsafa na siasa alikuwa Seneca, mwalimu wa Kaisari Nero, tajiri kupindukia, ambaye kila anayeandika kuhusu Roma anamwandika. Seneca simgusi leo. Ana mawakili wa kutosha.

Siasa ilimfikia Musonius kwa mlango wa rafiki. Kulikuwa na kijana aitwaye Rubellius Plautus, wa damu ya Kaisari Tiberius kwa mama yake, mpole, mwenye maisha ya faragha. Mwaka 60 nyota yenye mkia ikaonekana angani, na Warumi waliamini nyota hiyo huleta mabadiliko ya mtawala. Watu wakaanza kulitaja jina la Plautus. Nero akamwandikia barua ya upole mno: kwa utulivu wa mji, afadhali aende akakae kwenye mashamba ya mababu zake katika jimbo la Asia, ambalo leo ni magharibi ya Uturuki. Akaenda na mkewe na watu wachache. Musonius alikuwa naye huko.

Mwaka 62 Nero akatuma askari 60 wakamwue. Baba mkwe wa Plautus akapata habari mapema, akamtumia mtu mbio: usife kizembe, pigana, askari 60 si wengi, ukiwarudisha hao mengi yatatokea kabla habari hazijafika Roma. Plautus hakufanya kitu. Tacitus anaandika kwamba wengine husema ni walimu wake wawili wa falsafa, Mgiriki Coeranus na Musonius, waliomshauri akisubiri kifo kwa uthabiti badala ya kuishi maisha ya mashaka na hofu. Walimkuta saa sita mchana amevua nguo anafanya mazoezi ya mwili. Kichwa chake kikapelekwa kwa Nero.

Hapa ndipo ninapogombana na Musonius. Ni rahisi kumwambia mtoto wa mwenzio akubali kufa vizuri. Baba mkwe alikuwa na hoja, na alikuwa na uchungu pia. Lakini nikimfuatilia mbele naona kitu kimoja: alichomwambia Plautus, kama kweli alimwambia, hakukikimbia zamu yake ilipofika.

Ilifika mwaka 65. Njama ya seneta Piso ya kumwua Nero iligunduliwa, na mji ukafagiliwa. Seneca aliamriwa ajiue. Musonius hakuhusishwa na njama. Tacitus anasema kilichomfukuza ni umaarufu wa jina lake, kwa kuwa alikuwa akiwalea vijana kwa mafundisho ya hekima. Naam, kuna serikali ambazo kosa kubwa kuliko kula njama ni kufundisha vizuri. Akapelekwa Gyaros.

Gyaros ni kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegea, mwamba mkavu wenye upepo. Hata Tiberius, ambaye hakuwa mtu wa huruma, alipoambiwa mfungwa fulani apelekwe huko alisema kisiwa hakina maji, na ukimwachia mtu uhai mwachie na vya kuishia. Wagiriki wenyewe walikitumia tena karne ya 20: walifungia huko wafungwa wa kisiasa kuanzia mwaka 1947, na utawala wa kijeshi wa 1967 hadi 1974 ukawarudisha wengine. Ukipata mwamba wa namna hiyo, kila anayetawala atauona unafaa.

Philostratus, mwandishi anayependa kutia chumvi, anasema Musonius aligundua chemchemi ya maji pale kisiwani na watu wakawa wanavuka bahari kwenda kuiona. Huyohuyo ana hadithi nyingine: Nero alipoanza kuchimba mfereji wa Korintho mwaka 67, Musonius alionekana amefungwa minyororo anapiga sururu. Rafiki yake Demetrius akasikitika. Musonius akamwambia, unaumia kuniona nachimba kwa faida ya Ugiriki? Ungejisikiaje ungeniona napiga kinubi kama Nero? Sitaweka mkono wangu kwenye moto kwa ajili ya hadithi hizi. Zinaonyesha tu watu walikuwa wanamsimulia kwa namna gani.

Cha kuaminika zaidi ni mhadhara wake wa tisa, alioutoa kwa mtu aliyekuwa akilalamikia uhamisho. Anamwambia uhamisho haumnyimi mtu maji, ardhi, hewa, jua wala nyota, na haumnyimi watu, kwa kuwa watu wako kila mahali. Wenye afya mbovu kwa anasa, wengine uhamisho umewaponya. Ukisikia uhamisho unakunyima uhuru wa kusema, fahamu kwamba waliobaki nyumbani kwa hofu hawasemi pia. Halafu anasema jambo lililonifanya niweke simu chini: hoja hizi ninazokupa ndizo ninazojiambia mwenyewe. Ni mtu aliyefukuzwa anamfariji mtu aliyefukuzwa. Maneno hayohayo yangetoka kwa Seneca akiwa kwenye bustani zake yangekuwa na ladha nyingine.

Kuna jibu lake jingine la siku zile. Thrasea Paetus, seneta shupavu, alikuwa na msemo wake kwamba afadhali auawe leo kuliko kuhamishwa kesho. Musonius akamwuliza: ukichagua kifo kwa kuwa ndicho kizito zaidi, huo ni uchaguzi wa kijinga, na ukikichagua kwa kuwa ndicho chepesi, nani amekupa nafasi ya kuchagua?

Sasa twende kwenye kesi, maana hapa ndipo mwalimu huyu alipoingia Seneti na mambo yakawa mambo.

Mwaka 66 Nero aliwageukia Thrasea na Barea Soranus. Soranus alikuwa ametawala jimbo la Asia kwa haki, hata akaufungua upya mlango wa bandari ya Efeso, na moja ya makosa yake ilikuwa urafiki na Rubellius Plautus, yuleyule kijana wa kichwa kilichopelekwa kwa Nero. Wakamwunganisha na binti yake Servilia, ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza, na mumewe alishahamishwa. Kosa la Servilia lilikuwa kuuza mapambo yake ya harusi akawalipa waaguzi wamwambie kama baba yake atapona.

Tacitus anaonyesha baraza lile kama vile alikuwapo. Mzee amesimama upande mmoja na binti upande mwingine, mbele ya maseneta, na binti hathubutu kumtazama baba kwa kuwa anaona yeye ndiye aliyemzidishia hatari. Wakamwuliza kama aliuza mkufu wa shingoni. Akajiangusha chini, akalia kwa muda mrefu bila neno, kisha akaikumbatia madhabahu. Akasema hakuomba laana wala hakuita miungu mibaya. Aliomba tu baba yake asalimike. Vito na nguo alivitoa kama ambavyo angetoa damu na uhai wangevitaka. Baba akamkatiza akipaza sauti: huyu hakwenda nami Asia, ni mdogo mno hata kumfahamu Plautus, mtengeni na kesi yangu. Wakakimbiliana wakumbatiane. Walinzi wa mahakimu wakaingia katikati wakawazuia.

Baada ya hapo ndipo akaitwa shahidi. Jina lake Publius Egnatius Celer. Alikuwa mtu wa nyumbani kwa Soranus, aliyeishi kwa fadhila zake, na alikuwa mwanafalsafa wa Kistoiko. Tacitus anasema uso wake na mavazi yake vilifunzwa kuonyesha sura ya mtu mwadilifu, ndani mna hila na uchu. Alipokea fedha akatoa ushahidi wa kumwangamiza rafiki yake. Soranus na binti yake wakahukumiwa kufa. Wakapewa ruhusa ya kuchagua namna ya kufa, hiyo tu.

Nero akafa mwaka 68, na waliohamishwa wakarudi. Vespasian alipopata kiti, kabla hata hajafika Roma, Musonius akasimama Seneti akamshtaki Celer kwa ushahidi wa uongo. Vumbi la Capitolium, hekalu kuu la Roma lililoungua Desemba ile, lilikuwa bado halijatulia, na chuki za wakati wa Nero zikaamka upya. Mapema mwaka 70 kesi ikasikilizwa. Celer, aliyekuwa na maneno mengi ya kumwua mwenziwe, safari hii hakuwa na moyo wala ulimi wa kujitetea. Aliyemtetea, amini usiamini, ni Demetrius, mwanafalsafa wa Kisiniki, wale waliojinyima mali, mwenye sifa kubwa mjini, yule wa hadithi ya mfereji. Tacitus anasema alifanya hivyo kwa kutafuta jina zaidi kuliko kwa uadilifu. Celer akahukumiwa, na watu wakaona Musonius ametimiza haki.

Ninachotaka mkione ni hiki. Kwenye mhadhara wake wa kumi Musonius anaulizwa kama mwanafalsafa atamshtaki mtu aliyempiga au kumtukana. Anajibu hapana, na hapepesi. Anawataja Socrates, aliyefanyiwa dhihaka jukwaani asikasirike, na Phocion wa Athene. Mtu alimtukana mke wa Phocion, kisha akaingiwa na hofu akaja kuomba radhi, akisema hakujua kuwa yule ni mkewe. Phocion akamwambia: mke wangu hukumtukana, labda ni mwanamke mwingine, huna haja ya kuniomba msamaha. Musonius anasema kulipiza jino kwa jino na kupanga namna ya kumdhuru aliyekudhuru ni kazi ya mnyama, si ya mtu.

Basi mtu aliyefundisha hivyo ndiye aliyemburuta Celer mbele ya Seneti. Je, alijipinga? Sioni. Waliomcheka na kumtishia kambini hakuwashtaki. Waliomtupa Gyaros hakuwatafuta. Alimshtaki mtu kwa ajili ya mzee na binti waliokwisha kufa, wasioweza tena kuja mahakamani, na aliyeshtakiwa alikuwa mwalimu mwenzake aliyeitumia falsafa kama joho la kujifunikia. La kwake alilisamehe, la wengine hakuona kama ni lake kulisamehe. Nimewafahamu watu wengi katika maisha yangu waliokuwa kinyume chake kabisa.

Darasani alikuwa mkali. Hilo tunalo kutoka kwa mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, Epictetus, ambaye wakati akisoma kwa Musonius alikuwa bado mtumwa wa Epaphroditus, naye huyo Epaphroditus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru akawa mtu wa karibu wa Nero. Jaribuni kuwaza darasa hilo: wana wa wakubwa na mtumwa wamekaa pamoja. Epictetus anasema Musonius alizungumza kwa namna ambayo kila mmoja alihisi kuna mtu amekwenda kumsemea kwa mwalimu. Wakimsifu baada ya mhadhara alikuwa anawaambia, mkiwa na nafasi ya kunisifu basi nimesema bure. Epictetus mwenyewe aliyarithi mafundisho hayo, akasema darasa la mwanafalsafa ni zahanati: hutoki unafurahi, unatoka unaumwa.

Siku moja Epictetus alishindwa kuona sehemu iliyokosekana katika hoja ya mantiki, akakaripiwa. Akajitetea kama kijana yeyote: kwani nimechoma Capitolium? Musonius akamjibu, mtumwa wewe, hapa kilichoachwa ndicho Capitolium. Nimecheka peke yangu nilipoisoma. Kila mwalimu ameshamsikia mwanafunzi wa namna hiyo, lakini wachache tunalo jibu la haraka kiasi hicho.

Mihadhara ya tatu na ya nne ndiyo niliyomsomea mpwa wangu kwa simu mpaka salio likakata. Musonius anaulizwa kama wanawake nao wasome falsafa. Anasema wanawake wamepewa na miungu akili ileile waliyopewa wanaume, wana viungo vilevile na hisia zilezile, na mwelekeo uleule wa kupenda wema. Sasa kwa nini kutafuta namna ya kuishi vizuri iwe kazi ya wanaume tu? Mabinti wafunzwe kama wana. Wanaofuga mbwa wa kuwinda na farasi, anasema, hawana mafunzo ya dume na mafunzo ya jike.

Mtu mmoja akapinga: wanawake wakienda kwa wanafalsafa watakuwa na kiburi, wataacha nyumba zao waje kukaa na wanaume wafanye mazoezi ya hoja, badala ya kusokota sufu. Pingamizi hilo nimelisikia kwa Kiswahili, kwa Kisambaa na kwa Kiingereza. Jibu la Musonius halikwepi. Mwanamke asiache kazi zake kwa ajili ya maneno, na mwanaume vilevile. Maneno yoyote ya falsafa ni kwa ajili ya matendo, kama ambavyo dawa isiyoponya mwili haina maana. Kisha katika mhadhara wa kumi na mbili anamgeukia bwana anayeona ni halali kulala na mjakazi wake. Anamwuliza: na mkeo akilala na mtumwa wake wa kiume, utaona sawa? Sidhani kama waliokuwa wamekaa mbele siku ile walimsifu.

Lakini asigeuzwe mtu wa leo. Anaona sufu ni kazi inayowafaa zaidi wanawake na kazi nzito zinawafaa wanaume, ingawa anasema hali ikidai wanaweza kubadilishana, na utumwa wenyewe hakuupigia kelele. Alimwita Epictetus mtumwa, na mtumwa kweli alikuwa.

Sasa kabichi. Mhadhara wa kumi na moja unauliza mwanafalsafa apate riziki wapi. Musonius anasema shambani. Kupanda, kuvuna, kuchunga. Kuchunga anakupenda zaidi kwa kuwa kunaiachia akili nafasi ya kufikiri. Na vijana wasikae mjini kumsikiliza mwalimu darasani. Waende naye shamba, wamwone anafanya kazi na kuvumilia kile anachowafundisha kuvumilia, wasome wakiwa wanalima pamoja, wakila na kulala mahali pamoja.

Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea. Nimesoma msingi miaka ya 70, na shamba la shule tulilima kwelikweli, mahindi na maharage, jembe begani kutoka nyumbani. Wazo la Mwalimu Nyerere lilikuwa zuri na bado naona lilikuwa zuri. Ila katika shule niliyosoma, mwalimu wa zamu alikuwa anakaa kivulini na fimbo, sisi tuko juani, na mahindi yakikomaa hatuyaoni. Musonius angeuliza swali moja tu: na jembe la mwalimu liko wapi? Katika mhadhara ule yule anayelima kwanza ni mwalimu. Wanafunzi wanalima kwa sababu wanataka kuwa karibu naye.

Shemeji nilimsomea sehemu hiyo hapahapa bustanini. Akasema, "Basi huyo bwana angenisaidia kubeba karoti mpaka barabarani." Nadhani angembebea, huku anamkemea kwa kula nyama, maana katika chakula nako alikuwa na msimamo: matunda, mboga, maziwa, jibini, asali, vitu visivyohitaji moto mwingi, na nyama aliona inaipa akili uzito. Anawalalamikia hata watu waliotunga vitabu vya mapishi. Hapo tuliachana.

Vespasian alipowafukuza wanafalsafa mjini mwanzoni mwa miaka ya 70 alimwacha Musonius peke yake, jambo linaloonyesha jina lake lilikuwa limefika wapi. Baadaye naye akaondoshwa, na Titus, mwanawe Vespasian aliyemrithi, akamrudisha. Hakuwa na mali ya kutisha wala hakuiheshimu mali. Tapeli mmoja aliyejivika uanafalsafa aliomba fedha, Musonius akaamuru apewe sesterce 1,000. Watu wakamwambia huyu ni mwovu, hastahili jambo lolote jema. Akatabasamu: basi fedha inamfaa.

Binti yake alikuwa na wachumba wa kila tabaka, akamchagulia mwanafalsafa aitwaye Artemidorus. Habari zake tunazo katika barua za Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, ambaye akiwa kijana alimfahamu Musonius na kumpenda. Mwaka 93 Kaisari Domitian naye akawafukuza wanafalsafa Roma. Marafiki saba wa Pliny walikuwa wameuawa au kuhamishwa, akiwemo Arulenus Rusticus, ambaye siku ileile ya Desemba 69 alikwenda na ujumbe mwingine wa amani akarudi na jeraha. Pliny alikuwa ofisa wa serikali mwaka huo, na kuonekana na mwanafalsafa ilikuwa hatari. Akamfuata Artemidorus nyumbani kwake nje ya mji. Artemidorus alikuwa na deni, lililotokana na mambo ya heshima, na rafiki zake wakubwa wenye fedha walikuwa wanasitasita. Pliny akaenda kukopa yeye mwenyewe, akampa bila riba.

Artemidorus akawa anamtangaza Pliny kila anapokwenda, kwa sifa kubwa kiasi kwamba Pliny alimwandikia rafiki yake kuwa huyu bwana ana kasoro moja tu, anawaona marafiki zake kuwa wakubwa kuliko walivyo. Nadhani baba mkwe angemkaripia.